Nusu ya walimu wa msingi ni wanawake, shule hii haina hata mmoja

Shule ninayoizungumzia iko mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mkoa wa Kigoma. Ina madarasa kuanzia la awali hadi la saba, ofisi moja ya walimu, nyumba moja ya mwalimu mkuu, na walimu wote ni wanaume. Jina lake silitaji kwa makusudi, na nimeunganisha mambo ya shule zaidi ya moja za ukanda huo ili walimu waliopita hapo wasitambulike. Aliyewahi kufundisha shule za pembezoni ataona kwamba sijatia chumvi.

Nimeichagua kwa sababu takwimu za taifa haziwezi kuionyesha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanawake walikuwa takriban asilimia 45 ya walimu wa shule za msingi Tanzania Bara. Katika miaka ya 2010 wakafika nusu. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, ambako kwa jumla wanawake bado hawajafika nusu, hiyo ni hatua kubwa. Chad na Liberia hawafiki hata robo. Duniani kote ni kama theluthi mbili. Afisa anayesoma ripoti hizo mjini Dodoma ana haki ya kufurahi, maana kwa wastani tumefanya vizuri.

Ila wastani huo umejengwa na miji. Dar es Salaam, shule nyingi za msingi utawakuta wanaume wachache mno ofisini. Kilimanjaro na Arusha nako wanawake wameshapita nusu kwa mbali. Ukielekea Kigoma, Rukwa na Katavi, mizani inageuka, na ndani ya mikoa hiyo inageuka tena unapotoka barabara ya lami kwenda vijijini. Hoja yangu ni moja: idadi ya walimu wa kike inapanda kitaifa huku shule kama hii ya mwambao zikiwapoteza wale waliokuwa nao, na mambo haya mawili yanatokana na chanzo kimoja, yaani namna tunavyompata mwalimu na namna tunavyompangia kituo.

Mwalimu aliyestaafu

Shule hii haikuwa hivi siku zote. Kwa miaka mingi ilikuwa na mwalimu wa kike ambaye karibu kila mtu mzima wa kijiji chini ya umri fulani alipita mikononi mwake. Aliingia kazini kupitia UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na bila kuuelewa huwezi kuelewa kilichotokea baadaye.

Novemba 1974, Azimio la Musoma la chama tawala TANU liliagiza kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Mpango wa awali ulikuwa kulifikia lengo hilo 1989. Miaka 12 ilikatwa kwa azimio moja, na walimu hawakuwepo. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha hata vingefanya kazi usiku na mchana. Ndipo serikali ikawageukia vijana waliomaliza darasa la saba. Walichaguliwa vijijini mwao, wakawa wanafundisha saa chache kwa siku katika shule za karibu, na muda uliobaki wanasoma: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na mkufunzi anayewatembelea kwenye kituo. Baada ya kama miaka mitatu na mafunzo mafupi chuoni, walipewa cheti cha Daraja la C. Tangu 1976 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Utaratibu huo ulilaumiwa sana, na lawama zilikuwa na msingi. Kijana wa miaka 17 aliyemaliza la saba anamfundisha mtoto wa la nne hesabu za sehemu ambazo yeye mwenyewe hakuzielewa vizuri. Wazazi waliona. Wakaguzi waliandika. Jina "mwalimu wa UPE" likageuka kuwa la kudharauliwa, na baadhi ya waliolibeba wanalikumbuka kwa uchungu mpaka leo, ingawa wengi wao walijiendeleza baadaye. Mwalimu wa kijiji hiki alipanda hadi Daraja la A wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002 hadi 2006, tena akiwa na watoto nyumbani.

Lakini UPE ilifanya jambo moja ambalo halikuwa hata shabaha yake. Ilimwezesha msichana wa kijijini kuwa mwalimu bila kuondoka kwao. Baba ambaye asingekubali kabisa binti yake apelekwe chuo cha bweni mkoa mwingine, alikubali afundishe shule ya pale pale anapomwona akienda na kurudi. Aliposomeshwa, alikuwa na pa kulala. Alipoolewa, aliolewa na mvuvi wa kijiji hicho hicho. Alikuwa na shamba la muhogo, michikichi kadhaa, na mama yake wa kumshikia mtoto anapoingia darasani. Hakuhitaji nyumba ya serikali wala posho ya mazingira magumu. Alibaki kwa sababu hapo ndipo palipokuwa kwake.

Sasa piga hesabu ya umri. Waliokuwa na miaka 16 hadi 18 mwaka 1976 walizaliwa kati ya 1958 na 1960. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Maana yake kundi la kwanza lilitoka kazini kati ya 2018 na 2020, na lililofuata likaendelea kutoka miaka michache baadaye. Katika shule za mjini kutoka kwao hakukuonekana, maana kila nafasi ilikuwa na watu kumi wanaoitaka. Shule za mwambao zilipoteza walimu wa kike waliokuwa na mizizi, na kilichokuja baada yao kilikuwa cha namna nyingine kabisa.

Wakati huohuo watoto wameongezeka kupita kiasi. Ada ilipofutwa 2001, wanafunzi wa msingi walipanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, mafuriko ya pili yakaja, na kufikia 2018 walikuwa wamevuka milioni 10. Walimu wengine waliondoka kwa njia nyingine: uhakiki wa vyeti wa 2017 ulianza na orodha ya watumishi wa umma zaidi ya 9,900 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na shule nazo ziliguswa. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliyempoteza mwalimu wa kike katika miaka hiyo hakuwa na nafasi ya kuchagua jinsia ya atakayekuja. Aliomba mwalimu tu, yeyote.

Mwalimu aliyehama

Aliyekuja alikuwa wa kike, na kijiji kilifurahi. Alitokea mkoa wa Morogoro, ana stashahada, na alipangiwa kituo kupitia TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri, kama maelfu ya wenzake. Alipofungua tangazo la ajira kwenye simu na kuona jina la halmashauri, ilibidi aulize watu iko wapi.

Safari yake ya kuripoti nitaieleza kidogo, kwa sababu maamuzi mengi ya baadaye yalizaliwa humo. Kutoka Morogoro hadi Kigoma mjini ni basi. Kutoka Kigoma hadi makao makuu ya halmashauri ni gari jingine, akaandikishwa kwa mkurugenzi, akapewa barua ya kituo. Kutoka hapo hadi kijijini ni boti ya mbao yenye injini ya nyuma, imebeba magunia ya unga, kreti za soda, bati na watu juu yake. Hakuna maboya ya kutosha kwa abiria wote. Ziwa Tanganyika likiwa shwari ni zuri ajabu. Upepo wa kusini ukivuma, abiria wanaacha kuongea. Wenyeji wanajua saa za kusafiri na msimu wa kuogopa. Mgeni hajui. Aliteremka akiwa amelowa hadi kiunoni, maana gati hakuna, unashuka majini na mtu anakubebea begi kichwani.

Nyumba ya shule ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu. Walimu wa kiume walikuwa wamepanga pamoja nyumba karibu na mwalo. Yeye hakuweza kuungana nao, na kwa heshima ya kijiji asingeweza hata kama angetaka. Alipewa chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, mlango wa mbao usio na kitasa cha maana, choo cha nje umbali wa hatua nyingi gizani. Maji ni ya ziwani. Fedha za kujikimu zilichelewa, hivyo wiki za kwanza aliishi kwa ukarimu wa mwenyeji wake, dagaa na ugali wa muhogo. Anamsifu mama huyo hadi leo.

Shuleni alipangiwa darasa la kwanza. Alikuwa na ufaulu mzuri wa Hisabati, na shule ilikuwa ikilia kuhusu Hisabati ya darasa la saba, lakini mwalimu mkuu aliona akina mama wana subira na watoto wadogo. Hapo hapo akawa matroni, mwalimu wa malezi, mwalimu wa usafi wa wasichana, na kila alipokuja mgeni wa wilaya alitegemewa kujua chai imefikia wapi. Mimi nauona mgawanyo huu kuwa sehemu ya tatizo, wala si jambo dogo la ofisini. Darasa la kwanza ni zito na linahitaji mwalimu bora, hilo halina ubishi. Lakini mwalimu aliyenyimwa somo lake, akabebeshwa kazi zote ambazo wanaume hawazitaki, na haoni njia ya kupanda cheo, ana sababu moja pungufu ya kubaki.

Kisha akaolewa. Mume ni mtumishi wa umma mkoani kwao. Akapata ujauzito, na hapa ndipo mambo yalipofika mwisho. Zahanati ya kijiji ina muuguzi mwenye moyo, lakini mimba ya kwanza inahitaji vipimo ambavyo vinapatikana ng'ambo ya safari ya boti. Alisafiri ziwani akiwa mjamzito zaidi ya mara moja. Likizo ya uzazi ni siku 84. Ukiondoa siku za kwenda na kurudi kati ya Kigoma na Morogoro, muda wa kukaa na mtoto unapungua sana, halafu unarudi kituoni na kichanga, dada wa kazi ambaye hataki kukaa kijijini kusiko na umeme, na mume anayemwona mwanawe kwenye simu pale mtandao unaposhika.

Aliandika barua ya uhamisho wa kumfuata mwenza. Akaambatisha cheti cha ndoa. Barua ikapita kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata, ikafika kwa mkurugenzi, na jibu likawa lile ambalo kila mwalimu wa pembezoni analijua: halmashauri ina upungufu, hivyo uhamisho utawezekana akipatikana mbadala. Akaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wanaotafuta wa kubadilishana nao vituo. Matangazo humo yanafanana: nipo wilaya fulani, natafuta wa kuja huku, huku pana maji, umeme upo, shule iko barabarani. Yeye hakuwa na la kutangaza. Umeme hapana, barabara hapana. Alikaa muda mrefu mpaka akapatikana kijana mmoja, mzaliwa wa Kigoma, aliyekuwa akifundisha Morogoro na kutaka kurudi karibu na wazazi. Wakabadilishana.

Kwenye karatasi hakuna kilichopungua. Mwalimu mmoja katoka, mwalimu mmoja kaingia. Ikama ya shule, yaani hesabu ya walimu wake, imebaki vilevile. Halmashauri haikukosea utaratibu wowote, wala mwalimu yule hakufanya ujanja wowote, na kijana aliyekuja ni mwalimu mzuri anayejituma. Ila shule ilibaki bila mwanamke hata mmoja, na mfumo mzima wa uhamisho haukuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Pengo linavyoonekana

Mjadala wa walimu wa kike mara nyingi huishia kwenye ufaulu: je, wasichana hufaulu zaidi wakifundishwa na mwanamke? Sidhani hapo ndipo pa kuanzia. Mwalimu mzuri wa kiume atamfundisha msichana sehemu na desimali sawasawa. Pengo liko kwenye mambo ambayo ratiba ya vipindi haiyataji.

La kwanza ni kambi ya darasa la saba. Mtihani wa taifa ukikaribia, shule nyingi huwaweka wanafunzi kambini wasome jioni na alfajiri. Wavulana hulala darasa moja, wasichana jingine. Mzazi wa kwanza kuuliza ni mama: nani analala na wasichana? Mwalimu wa kike alipokuwepo, swali lilikwisha hapo. Sasa shule inaomba mama mmoja wa kijiji akalale nao, naye ana familia yake na hana posho. Asipopatikana, wasichana wanarudi kulala nyumbani, ambako baada ya shule kuna kuchota maji, kuanika dagaa na kuangalia wadogo zao. Wavulana wanabaki na saa nne za ziada za kusoma kila siku. Mwisho wa mwaka tunakaa kikao kujadili kwa nini wasichana wa kata hii wamefanya vibaya.

La pili ni UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Timu ya wasichana ya netiboli ikitakiwa kwenda kushindana ngazi ya wilaya, lazima iende na mwalimu wa kike. Ni sharti la busara na sitaki liondolewe. Matokeo yake ni kwamba kwa shule isiyo na mwalimu wa kike wavulana ndio wanaosafiri. Kwa mtoto wa mwambao, safari hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona shule ya sekondari ya bweni, kuona wasichana wakubwa kwenye sare, kuona kwamba dunia ina upana.

La tatu ni hedhi, na hili linajulikana kiasi kwamba nitalisema kwa kifupi. Mabinti wa darasa la tano hadi la saba hawamwendei mwalimu wa kiume kuomba pedi. Wanaenda nyumbani, na siku hiyo hawarudi. Chumba cha kujistiri kilichojengwa nyuma ya vyoo kina ufunguo unaokaa ofisini, na ofisini wameketi wanaume watupu. Ufunguo hauombwi. Chumba kimeanza kuwekwa majembe.

Yapo pia mambo mazito zaidi. Tangu 2016 sheria inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Sheria ya kwanza inahitaji mtu ambaye binti atamweleza. Uamuzi wa pili unahitaji mtu wa kumwambia binti na mama yake kwamba mlango uko wazi, na kumpokea siku anapoingia tena uwanjani wenzake wakimtazama. Walimu wa kiume wa shule hii ni watu wenye heshima, na mmoja wao amejitahidi sana kufuatilia watoro nyumba kwa nyumba. Hata hivyo kuna maneno ambayo mtoto wa kike wa miaka 13 hatayatamka mbele yake.

Majibu tunayoyazoea

Ukilileta suala hili kwenye kikao cha wadau wa elimu utasikia kauli tatu. Nimezisikia zote zikisemwa na watu wenye nia njema.

Kuna wanaosema waajiriwe wanawake zaidi. Kwa kisa hiki haisaidii. Tumeshaajiri wanawake hadi wakafika nusu, na bado shule iko ilivyo, kwa sababu kila anayeingia kwenye mfumo anasogea kidogo kidogo kuelekea kwa mume, hospitali na barabara. Ukiongeza maji juu ya mlima, bondeni ndiko yanakojaa.

Wengine wanataka uhamisho wa kumfuata mwenza uzuiwe, au angalau ubanwe kwa miaka mingi. Napinga kwa nguvu zote. Kwanza ni kumwadhibu mwanamke kwa kuolewa. Pili, haifanyi kazi. Mwalimu aliyezuiwa kwa nguvu ana njia zake: ruhusa ya ugonjwa, likizo bila malipo, kusoma ili apangiwe upya. Kiti chake kinahesabiwa kuwa kimekaliwa na darasa halina mtu. Kenya wanaweza kutusimulia habari inayofanana. Kuanzia 2018 Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko ilisukuma sera ya kuwahamisha walimu mbali na maeneo yao ya nyumbani. Familia zilitenganishwa, malalamiko yakafika bungeni, na baada ya uchaguzi wa 2022 sera hiyo ikaachwa na walimu wakaanza kurudishwa karibu na kwao.

Kauli ya tatu inaniudhi: kwamba mabinti wa siku hizi hawataki shida. Aliyesafiri ziwani na mimba, akafundisha darasa la kwanza lenye watoto wanaokaa chini, akalala nyuma ya mlango usio na kitasa, ameshapita kipimo chochote cha uvumilivu. Wakongwe wa UPE nao walikuwa mashujaa, lakini walikuwa kwao. Tunalinganisha mtu aliyezungukwa na mama, shangazi na wifi, na mtu aliyeteremshwa ufukweni na begi.

Angalia Zanzibar. Huko wanawake ni wengi kuliko wanaume kwa mbali katika shule za msingi. Zipo sababu za kihistoria. Shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja tangu 1927, na ualimu ukawa kazi ya heshima kwa mwanamke mapema. Lakini ipo na sababu nyepesi ya jiografia. Mwalimu wa Unguja anaweza kupangiwa shule ya kijijini, akapanda daladala asubuhi na mchana akarudi kwake. Hakuna anayelazimika kuchagua kati ya kituo na nyumba.

Kinachoweza kubadilika hapa

Tukirudi mwambao, mimi naona mambo yanayoshikika, na la kwanza ni nyumba. Nasisitiza nyumba kabla ya posho. Nyumba ya mbili kwa moja, yaani makazi mawili chini ya paa moja, yenye milango ya chuma, choo cha ndani na tangi la maji ya mvua, ingembakiza mwalimu wetu mwaka mmoja au miwili zaidi hata kama mwisho wake angehama. Na mbili kwa moja inaruhusu jambo jingine: kuwapanga walimu wa kike wawili wawili. Mwalimu wa kike peke yake kijijini anakuwa mgeni, anakuwa mazungumzo, anakuwa matroni wa kila kitu. Wakiwa wawili, mmoja anaweza kwenda kliniki na mwingine akashika darasa, na mmoja akihama shule haibaki tupu.

Halafu kuna ukuu wa shule. Mwalimu mkuu hupata posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na katika shule nyingi za vijijini nyumba pekee ya maana ni ya kwake. Maana yake cheo, fedha na paa vimefungwa pamoja, na karibu kila mara fungu hilo huenda kwa mwanaume. Husemwa kwamba wanawake hawaombi. Katika kisa hiki hakuna aliyemuuliza. Mwalimu yule angepewa kukaimu umakamu wa shule mwaka wa pili, na somo lake la Hisabati, tungekuwa na mazungumzo tofauti na mume wake. Yapo maeneo ambako mume ndiye aliyeomba kumfuata mke, kwa sababu mke ana cheo na nyumba.

La tatu ndilo gumu, nalo ni kurudisha kile ambacho UPE ilikipata bila kukusudia, bila kurudisha udhaifu wake. Mkoa wa Kigoma una vyuo vya ualimu. Kasulu na Kabanga vinajulikana kwa kila mtu. Wapo wasichana wa mwambao wanaosoma humo, wachache lakini wapo. Wakihitimu wanaingia kwenye kapu la taifa, siku hizi kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na anaweza kupangiwa mkoa wa mbali kabisa huku binti wa mkoa huo akipangiwa kwao. Sioni ubaya wa kumpa aliyekulia kata ya pembezoni nafasi ya kwanza kwenye shule za kata hiyo, akitaka. Wapo watakaosema huo ni ukabila kwa mlango wa nyuma, na hofu hiyo si ya kupuuza katika nchi iliyojengwa na walimu waliotawanywa kila kona. Nyerere alikuwa na sababu ya kuwatawanya. Lakini upendeleo wa hiari, kwa shule zisizo na mwalimu wa kike hata mmoja, ni jambo dogo lenye mipaka, na umoja wa taifa hautatikisika kwa binti wa Kigoma kufundisha Kigoma.

Ugumu wenyewe uko nyuma zaidi. Sifa za kuingia ualimu zimepandishwa: kwanza ikawa lazima ufaulu wa daraja la tatu kidato cha nne, na sasa stashahada ndiyo kiwango cha chini cha mwalimu wa msingi. Nakubaliana nalo, maana watoto wa vijijini ndio walioumia zaidi kwa walimu wasioandaliwa. Ila kila ngazi unayoongeza inawapunguza wasichana wa mwambao wanaoweza kuifikia, na wanapungua hasa katika shule ambazo hazina mwalimu wa kike wa kulala nao kambini. Kwa hiyo shule hii isipopata mwalimu wa kike sasa, haitakuwa na binti wa kumleta miaka 15 ijayo.

Ndiyo maana ningependa ofisi za elimu za wilaya zibadilishe swali. Badala ya kuripoti asilimia ya walimu wa kike katika halmashauri, ziorodheshe shule ambazo hazina hata mmoja, kwa majina, na orodha hiyo isomwe kila robo mwaka mbele ya madiwani. Taarifa zote zimo kwenye ikama. Ni kazi ya mchana mmoja. Na uhamisho wa kubadilishana unaoiacha shule bila mwanamke usimfunge mwalimu anayeondoka, bali uipe halmashauri wajibu wa kuleta mwingine kabla ya muhula kwisha.

Kijiji chenyewe hakijakaa kikisubiri. Serikali ya kijiji ilichangisha, wavuvi wakatoa sehemu ya mauzo, na boma la nyumba ya mbili kwa moja limepanda hadi kwenye lenta. Mwalimu mkuu ameandika kuomba halmashauri ipaue, na katika barua hiyo hiyo ameomba walimu wawili wa kike waje kwa pamoja. Ombi la bati limeingizwa kwenye mpango wa maboma. Kuhusu walimu, amejibiwa kwamba kwa ikama ya sasa shule yake haimo kwenye orodha ya zenye upungufu mkubwa, kwa hiyo asubiri mgao ujao wa ajira mpya.